Misumari ya Dirishani: Shule za Majengo Katika Mwaka wa Korona

Msumari wa kwanza uligoma kutoka. Mzee mlinzi aliutia mafuta ya nazi, akaubana kwa koleo, akavuta mpaka ubao ukalia. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Oktoba 2020, katika shule moja ya msingi ya Majengo, Mombasa, na zilisalia siku mbili watoto wa Gredi ya 4 na Darasa la 8 warudi baada ya karibu miezi saba. Madirisha manne ya upande wa mashariki yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa miaka, tangu wezi walipoingia usiku wakabeba viti. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akifundisha sayansi na Kiswahili shuleni hapo, alisimama kando na ufagio mkononi. Dirisha la nne lilipofunguka, karatasi ya juu mezani ilipeperuka ikaanguka sakafuni.

"Mwalimu," alisema mzee akipangusa jasho, "upepo wote huu ulikuwapo hapo nje, na watoto wetu wapikika humu ndani."

Ilichukua ugonjwa uliotikisa dunia nzima ili misumari minane itolewe. Mwandishi amelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na ndilo linalomfanya aandike, kwa kuwa Majengo ilijifunza mambo kwa gharama kubwa katika mwaka ule na ule uliofuata, na sehemu ya mambo hayo imeanza kusahauliwa.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili iliyofuata, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule za kutwa zifungwe kuanzia kesho yake, za bweni zifungwe kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Jumatatu asubuhi, watoto wachache ambao habari haikuwa imewafikia walikuja langoni na mikoba yao mgongoni. Mwandishi aliwarudisha akawaambia wataonana baada ya wiki chache. Hivyo ndivyo karibu kila mwalimu alivyodhani.

Mambo yakaenda mbio. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Kuanzia tarehe 8 Aprili, hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ulizingirwa siku moja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi. Kutoka Majengo hadi Mji wa Kale ni mwendo mfupi wa miguu, lakini kwa mwezi mzima ndugu walioishi pande hizo mbili walijuliana hali kwa simu. Ramadhani ilipita bila tarawehe msikitini, na Idi ikasaliwa majumbani. Vyuo vya Kurani vilifungwa kama shule, na hata misikiti ilipofunguliwa kwa masharti mwezi Julai, madrasa ziliambiwa zingoje. Mtoto wa Majengo, ambaye siku yake hugawanyika kati ya shule asubuhi na chuoni jioni, alipoteza zote mbili kwa pigo moja.

Agizo la wakati ule lilikuwa kukaa nyumbani. Ni vyema mtu asiyeijua Majengo aelezwe nyumba yenyewe ikoje. Nyumba ya Kiswahili ya mtaa huu huwa na ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uwani nyuma palipo na choo, bafu na mahali pa kupikia. Zamani ilikuwa nyumba ya ukoo mmoja. Siku hizi, mara nyingi kila chumba ni familia. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho amsikia. Dirisha la chumba huwa dogo, na aghalabu limefungwa kwa ajili ya vumbi, macho ya wapita njia, na mikono ya vibaka. Ndani ya chumba kama hicho walitakiwa wakae watu sita au saba, mchana na usiku, kwa joto la Mombasa.

Hawakukaa. Wangekaaje? Watoto walitoka wakajaa vichochoroni. Mwandishi alipoanza kuzunguka mtaani kuwatafuta wanafunzi wake mwezi Juni, aliwakuta wanne wakicheza gololi nyuma ya duka, vichwa vimegusana, barakoa moja ikipokezanwa kila askari alipopita. Mvulana aliyekuwa hodari wa hisabati alikuwa Mwembe Tayari akiuza barakoa hizo hizo, alizoshonewa na mama yake kwa vipande vya leso. Msichana aliyekaa dawati la mbele alikuwa uwani akifua nguo za familia mbili, kwa malipo. Watoto walikuwa wamekusanyika vilevile kama shuleni. Kilichokosekana ni mwalimu, somo, maji ya kunawa na mtu mzima wa kuwatazama.

Serikali ilijitahidi kufikisha masomo majumbani. Taasisi ya kuunda mitaala, KICD, ilipeleka vipindi kwenye runinga, kwenye intaneti, na redioni kupitia KBC. Redio ilikuwa msaada wa kweli, na mwandishi hana neno baya juu yake. Hata hivyo, katika nyumba aliyoizuru karibu na Masjid Musa, redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba, na baba alikuwa hamali aliyekosa kazi bandarini, akingoja taarifa ya habari. Simu yenye intaneti ilikuwa ya dada mkubwa. Bando la siku moja lilikuwa bei ya unga. Mtoto wa Darasa la 8 alipoulizwa amesoma nini tangu Machi, alitoa daftari. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa na maandishi mazuri ya tarehe za Aprili. Zilizofuata zilikuwa na hesabu za viazi vya karai alivyouza mama yake.

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kuwa mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, hakuna mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi wala wa KCSE wa kumaliza shule ya upili mwaka huo, na shule zitafunguliwa Januari. Mama mmoja muuza mahamri alimsimamisha mwandishi njiani.

"Mwalimu, mwaka wafutika vipi?" aliuliza. "Mwanangu amekua mwaka huu. Huo hakuufuta mtu."

Swali hilo lilimkaa mwandishi moyoni. Likamrudisha kwenye vitabu kuulizia jinsi wengine walivyofanya huko nyuma. Mombasa si ngeni kwa maradhi yajayo na meli. Septemba 1918, homa kuu ya mafua iliingia nchi hii kupitia bandari ya Mombasa, kwa vyombo vilivyotoka India, kisha ikapanda reli kwenda bara. Mwaka huohuo, miji mingi ya Marekani ilifunga shule, lakini New York na Chicago ziliziacha wazi. Aliyesimamia afya ya New York, Royal Copeland, alikuwa na watoto wa shule karibu milioni moja wa kuwaangalia, wengi wao wakiishi katika majumba ya vyumba vya kubanana, visivyo na hewa. Alisema mtoto wa nyumba kama hiyo ni heri awe shuleni, penye nafasi, penye usafi, na penye mwalimu na muuguzi wa kumkagua kila asubuhi, kuliko kuachwa azurure kati ya chumba na mtaa. Mwandishi aliposoma habari hizo alifunga kitabu akakaa kimya. Ilikuwa kana kwamba mtu huyo amepita Majengo.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, wakati kifua kikuu kilipokuwa kikiua watoto wa mijini Ulaya na Marekani, walimu walikuwa wamehamishia madarasa nje. Mwaka 1904 ilianzishwa shule ya msituni Charlottenburg, karibu na Berlin. Mwaka 1908, Providence ya Marekani ilifungua darasa lililoachwa wazi upande mmoja hata wakati wa baridi kali, watoto wakisoma wamejifunika mablanketi. Wao walivumilia theluji ili wapate hewa. Pwani yetu ina hewa bure, ina upepo wa kusi na wa kaskazi, ina kivuli cha mwarobaini na cha mwembe, nasi tulikuwa tumepigilia madirisha misumari.

Septemba ilipofika, maambukizi nchini yalikuwa yamepungua, na serikali ikabadili kauli: Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 warudi tarehe 12 Oktoba. Orodha ya masharti ilitumwa. Kila mtu avae barakoa, kuwe na maji na sabuni langoni, joto lipimwe, na wanafunzi wakae mbalimbali kwa mita moja na nusu. Hili la mwisho, waziri mwenyewe alikiri kuwa halingewezekana katika shule nyingi.

Sharti lililoitesa shule ile zaidi ya yote lilikuwa la maji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizomo Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, chemchemi za Marere, na visima vya Baricho na Tiwi. Kiasi kinachofika hakijawahi kutosha jiji hili, na Majengo huwa miongoni mwa mitaa inayopata kwa zamu. Bomba la shule lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, usiku. Ndoo zenye mabomba ya plastiki ziliwekwa langoni, zikapendeza machoni mwa wageni waliokuja kukagua, lakini kufikia saa nne asubuhi zilikuwa kavu. Ilibidi wazazi wakutane. Hawakutoa pesa, maana hawakuwa nazo. Walikubaliana kwamba wauza maji wawili wa mtaa, wenye watoto shuleni hapo, walete mkokoteni mmoja wa mitungi kila asubuhi kwa bei ya nusu, na mlinzi ajaze tangi usiku ule maji yanapotoka. Mpango huo, ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, uliwanawisha watoto kwa muhula mzima.

Kipimajoto, kile kinachoelekezwa kwenye kipaji kama bastola, hakikustahili sifa zote kilizopewa. Watu wengi wenye virusi vya Korona hawakuwa na homa kabisa, hasa watoto. Tena katika jua la Mombasa, mtoto aliyetembea kutoka Sparki au Kaloleni alifika na kipaji cha moto. Asubuhi nyingi zilipotea foleni ikiwa imeshonana langoni, watoto wamegandana ili wapimwe kama wana ugonjwa unaoenezwa kwa kugandana. Baada ya wiki mbili, shule ilifungua malango mawili, ikaacha foleni, na kumwachia kila mwalimu wa darasa awatazame watoto wake uso kwa uso. Mwalimu anayewajua watoto wake huona macho yaliyolegea kabla ya mashine.

Katika siku hizo za foleni ndipo mwandishi alipokosea, na kosa hilo analisimulia kwa sababu liliumiza mtu. Siku ya tatu baada ya shule kufunguliwa, mtoto mmoja alikohoa mfululizo katika foleni. Mwandishi alimtoa mbele ya wenzake wote, akamwambia arudi nyumbani mpaka apone. Kufikia jioni, mtaa mzima ulikuwa umemtangaza mtoto yule kuwa na Korona. Hakuna aliyenunua mahamri kwa nyanya yake kwa siku kumi. Mama alikuja shuleni, akasimama mlangoni pa ofisi bila kuketi. "Mwanangu ana pumu tangu yu mchanga," alisema. "Mwamjua. Imo kwenye faili yenu." Ilikuwemo. Mwandishi aliomba radhi, akaenda nyumbani kwao kuomba radhi tena mbele ya majirani, lakini mtoto alikuwa tayari amekosa masomo ya wiki mbili juu ya miezi saba.

Haikuwa mara ya kwanza kwa hofu ya aina hiyo kufanya kazi yake mjini humu. Mwezi Mei, maafisa wa afya walipoweka vituo vya kupima watu katika Mji wa Kale, waliojitokeza walikuwa wachache. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona majirani wakichukuliwa kwenda karantini, na mwanzoni wengine walidaiwa gharama za kukaa huko, mpaka serikali ilipotangaza kuwa itazibeba katika vituo vyake. Aliyejihisi homa alinyamaza, akanywa tangawizi, akafunga mlango. Mwezi Juni, Wizara ya Afya iliporuhusu wagonjwa wasio mahututi wauguzwe nyumbani, ndimi zilianza kulegea. Shule ilijifunza kutokana na kisa cha mtoto wa pumu: mgonjwa huitwa faraghani, mzazi hupigiwa simu, kazi za masomo humfuata nyumbani, na anayejitokeza kusema anaumwa hushukuriwa. Watoto walipoona hivyo, wao wenyewe walianza kuja kusema, "Mwalimu, leo kwetu baba ana homa." Habari ya namna hiyo haipatikani kwa mashine.

Mwishoni mwa Oktoba, jambo lililoogopwa lilitokea jirani kabisa. Shule ya Upili ya Tononoka, ambayo mtoto wa Majengo huifikia kwa miguu, na shule ya wasichana ya Star of the Sea zilifungwa kwa muda baada ya walimu kadhaa kupatikana na virusi. Mkuu wa shule ya Tononoka alifariki. Msiba huo ulitikisa kila chumba cha walimu cha kisiwani. Aliyekuwa akijulikana kwa wengi kama rafiki na mlezi alizikwa na watu wachache waliovaa barakoa, na asubuhi iliyofuata walimu wa shule nyingine walitakiwa waingie darasani.

Mtu anayedai kuwa shule zibaki wazi hana budi kuutazama ukweli huo usoni. Ugonjwa huu uliwapitia watoto wengi kwa wepesi, ukawakaba wakubwa, hasa wenye sukari, shinikizo la damu na umri. Shuleni, wa kulindwa kwanza alikuwa mwalimu, mpishi na mlinzi. Mwandishi na wenzake walikaa chini wakajiuliza ni wapi hasa wao wenyewe walikuwa wakipumuliana, na jibu likawa aibu. Darasani walivaa barakoa. Chai ya saa nne ilipofika, walimu kumi na wanne waliingia chumba kimoja chenye dirisha moja, wakavua barakoa, wakala mahamri kwa mbaazi kutoka sinia moja, wakizungumza kwa sauti. Siku ileile meza ilitolewa nje, ikawekwa kibarazani. Kila mmoja akapewa sahani yake. Mikutano ikahamia chini ya mwarobaini.

Mwalimu mkongwe kuliko wote, mwenye sukari na miaka miwili tu kabla ya kustaafu, aliombwa abaki nyumbani asahihishe kazi na kuandaa maswali ya marudio. Alikataa. "Miaka 34 nafundisha, leo mwanifanya kuku wa kutotolesha?" alisema kwa uchungu. Walimbembeleza siku mbili. Hatimaye alikubali kufundisha nje tu, akiwa kwenye kiti chake chini ya mti, watoto nusuduara mbali naye. Alifundisha hivyo mpaka mtihani. Hakuugua.

Oktoba ni wakati wa maleleji, upepo hulegea kabla kaskazi haijashika. Darasa la 8 la shule ile lilikuwa na watoto 64. Kwa kuwa madarasa mengine yalikuwa matupu, waligawanywa katika vyumba vitatu, na walimu wakawa wanakimbia kutoka chumba hadi chumba. Ilichosha, lakini watoto waliotawanyika namna ile walisoma kwa namna ambayo mwandishi hakuwahi kuiona: mwalimu aliweza kumfikia kila mmoja. Watatu hawakurudi siku ya kwanza. Mmoja alikuwa ameajiriwa dukani, wa pili amepelekwa kwa nyanya yake Kwale, na wa tatu alikuwa mjamzito. Walimu walikwenda kuwatafuta mmoja mmoja. Sierra Leone, baada ya Ebola kufunga shule zake tangu katikati ya 2014 hadi Aprili 2015, iliwazuia wasichana wajawazito wasirudi madarasani, na marufuku hiyo ilidumu hadi 2020. Sera ya Kenya, tangu 1994, inaruhusu msichana arudi, na ingefaa kila mzazi aijue. Yule wa tatu alirudi. Wote watatu walifanya mtihani wa KCPE mwezi Machi 2021.

Tarehe 4 Januari 2021 shule zilifunguliwa kwa watoto wote, na hesabu ya nafasi ikavunjika papo hapo. Vyumba vitatu vya Darasa la 8 vikarudi kuwa kimoja. Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 1.9 kutengeneza madawati kupitia mafundi wa mitaani, jambo jema lililowapa kazi wengi, lakini dawati jipya halipanui ukuta. Kilichookoa ni kaskazi. Upepo ulikuwa umeshika, madirisha yote yalikuwa wazi, na madarasa ya chini yalipokezana kivuli cha mwarobaini hadi saa nne. Mapumziko yaligawanywa kwa zamu tatu. Nyimbo, mashairi ya kughani na usomaji wa sauti, mambo yanayotoa pumzi nyingi, vilifanyiwa uwanjani. Siku zile bado dunia ilikuwa imeshikilia kufuta meza na milango kwa dawa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kueleza waziwazi katika mwaka huo wa 2021 kwamba virusi hivi huenea pia kwa hewa, na hukaa zaidi ndani ya vyumba vilivyojaa visivyo na hewa ya kutosha. Mzee mlinzi alikuwa amelisema hilo tangu Oktoba, na koleo mkononi.

Nchi nyingine zilikuwa zimefuata njia tofauti. Denmaki ilikuwa imerudisha watoto wadogo shuleni tangu tarehe 15 Aprili 2020, kwa vikundi vidogo na kwa saa nyingi za kukaa nje. Tanzania, ambako wengi wa Majengo wana jamaa, hasa Tanga na Unguja, ilifunga shule Machi 2020, ikawarudisha Kidato cha 6 tarehe 1 Juni na wengine wote tarehe 29 Juni. Simu zilipigwa kuvuka mpaka: "Mbona wenu bado wamekaa?" Tatizo ni kwamba Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwanzoni mwa Mei mwaka huo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hesabu jinsi uamuzi huo ulivyokwenda. Uganda ilikwenda upande wa pili kabisa. Shule zake zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kidogo kidogo, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wiki 83 zilipita shule zikiwa zimefungwa kikamilifu au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtoto aliyeacha daftari akiwa na miaka 13 aliitwa tena akiwa karibu na 15, na wako ambao hawakuitika.

Katika hukumu ya mwandishi, kufunga kwa Machi 2020 kulikuwa sawa. Hakuna aliyejua adui ni nani. Kosa lilikuwa la baadaye, miezi ya Julai, Agosti na Septemba, wakati soko la Marikiti lilipokuwa limejaa, feri ya Likoni ikibeba watu waliosongamana kila asubuhi, na shule yenye uwanja na miti ikiwa na kufuli. Watoto wa mitaa yenye nafasi walisomeshwa nyumbani. Watoto wa vyumba vya Majengo waliambiwa wangoje, nao ndio waliohitaji zaidi uwanja ule. Walimu wa shule za kibinafsi na maalim wa vyuo, wasio na mshahara wa serikali, walikaa bila kipato. Mwandishi alimkuta mmoja wao, mwalimu wake mwenyewe wa utotoni, akiuza kahawa kwa dele usiku mpaka saa ya kafyu.

Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, na walimu waliwekwa katika safu ya mbele. Mtihani wa KCPE ulifanywa tarehe 22 hadi 24 Machi, madirisha yakiwa wazi. Siku mbili baadaye, wimbi la tatu lilipokuwa likipanda, masomo ya ana kwa ana yalisitishwa tena nchini isipokuwa kwa watahiniwa, na shule zikarudi tarehe 10 Mei. Mombasa ilikuwa katika masika. Chini ya mwarobaini palikuwa tope, na mvua ya mwegamo ikaingia darasani kwa madirisha yaleyale yaliyofunguliwa kwa shida. Baadhi ya walimu walitaka yafungwe. Mafundi wawili, wazazi wa shule, walikuja Jumapili wakatengeneza vipaa vidogo vya mabati juu ya kila dirisha, kwa mabati chakavu, na madirisha yakabaki wazi mvua ikinyesha. Kazi hiyo haikufika saa sita mchana.

Kalenda ya shule ilibanwa kwa mihula mifupi na likizo za siku chache, mpaka mwaka wa masomo uliporudi kuanza Januari mwaka 2023. Watoto walichoka, walimu walichoka. Mvulana aliyekuwa akiuza barakoa Mwembe Tayari alifaulu kwenda shule ya upili. Msichana wa dawati la mbele alifaulu pia, ingawa kwa alama za chini kuliko alizostahili, na mwandishi anaamini kwamba tofauti hiyo ilibaki uwani, kwenye karai la nguo.

Mwaka huo wa 2023, mwandishi alipita tena shuleni hapo. Mzee mlinzi alikuwa amestaafu. Tangi lilikuwapo, bila bomba. Katika darasa la mashariki, madirisha mawili kati ya manne yalikuwa yamepigiliwa misumari tena, kwa sababu ileile ya wezi, na watoto zaidi ya 60 walikuwa ndani wakijipepea kwa madaftari. Mafundi wa nondo wako Majengo, na dirisha lenye nondo hulala wazi bila kuogopa mwizi.

Mzazi wa Majengo, wa Sparki, wa Bondeni, wa Mji wa Kale: utakapompeleka mwanao shuleni kesho asubuhi, usiishie langoni. Ingia. Fungua bomba uone kama maji yatoka. Nenda darasani kwake uhesabu madirisha yanayofunguka, kisha umuulize mwalimu mkuu kuhusu yale yasiyofunguka, na umwambie Jumamosi utakuja na koleo.